Ile Kazi Nilikimbia ku Dirisha

Baba ya bibi yangu alikuwa muntu ya reli, na bantu ya reli banapenda kila kitu ifike saa yake. Wakati ile alikuwa bado baba ya muchumba tu. Maneno yake alinipa mara moja, akiwa amesimama, kofia ku kichwa, mimi nimekaa chini ku mukeka, mikono ku magoti.

"Mutoto yangu haendi kulala mu kachumba ya nyuma ya nyumba ya ndugu yako mukubwa," alisema. "Tafuta nyumba. Nyumba ya matofali, mulango yake, ufunguo yake. Ukipata, ukuje tupange siku ya arusi. Ukikosa, tutakurudishia bitu yako, na kila muntu atashika njia yake."

Nilijibu, "Ndiyo, baba." Ningejibu nini ingine? Bitu yangu ilikuwa tayari mu nyumba yake: mifungo mbili ya samaki ya kukauka, ile mujomba yangu alituma kutoka Pweto, na blangeti, na jembe moja juu ya desturi, hata kama mu muji ya Elisabethville hakuna muntu aliyelima na ile jembe. Na mutoto mwenyewe alikuwa amekubali. Alikubali bila kuulizwa mara mbili, na aliyeshangaa kuliko bote ni mimi, sababu nilikuwa na meno ya mbele inaachana, na kazi sikuwa nayo.

Acha niseme kidogo nilikuwa nani, kusudi muntu anayesoma asifikiri nilikuwa muntu ya maana. Nilizaliwa ku Kilwa yetu, ile ya pembeni ya ziwa, si ile ya bahari. Baba yangu alikuwa anashona nyavu. Masomo yangu ni miaka mbili kwa bapadri. Ningeweza kusema tatu, lakini mwaka ya tatu nilienda siku ine tu. Na hata ile miaka mbili iko na shimo ndani. Padri yetu alikuwa na pikipiki, ya kwanza tuliona na macho, na alichagua batoto babili ya kuisafisha. Mumoja ni mimi. Benzetu balipokuwa banajifunza kuunganisha herufi, mimi nilikuwa nje nasugua chuma na majani na mchanga, nikisikia furaha sawa malaika. Njo sababu mpaka leo herufi yangu inasimama kila moja peke yake, sawa bantu baliogombana. Ile pikipiki, Mungu anajua, ilikuwa inang'aa.

Haya. Nikakuja Elisabethville, kwa yaya yangu, ni kusema ndugu yangu mukubwa, aliyekuwa na nyumba ku Kamalondo. Nilipata kazi kwa muzungu mumoja bila bibi, kumupigia pasi mashati. Kupiga pasi ninajua. Hapa sidanganyi. Shati nikishaipiga, ingesimama yenyewe bila muntu ndani. Lakini ule muzungu akarudi kwabo Ulaya, akaniachia mukanda, barua ya kusema nilikuwa nani, na kilemba moja ya mvua, ni kusema mwavuli, yenye kupasuka. Na tena muntu ya pasi hapewi nyumba ya matofali. Anapewa kachumba nyuma ya jiko ya muzungu, na bibi yake haruhusiwi.

Nyumba ya matofali ilikuwa ku kambi ya makampani. Nikasikia kampani moja, jina yake nitaiacha kwa mwenyewe, inatafuta komisi ya magazini. Komisi ya magazini ni ule muntu anasimama pa mulango ya ghala, kalamu ku sikio, anaandika kila kitu inaingia na kila kitu inatoka: simenti, misumari, kamba, beleshi. Mwenye kupata ile kazi alikuwa anapewa nyumba, byumba mbili na jiko.

Yaya aliniuliza, "Unajua kuandika?"

"Ninajua."

"Kuandika ya namna gani?"

"Ya kuandika."

Haikuwa uongo kabisa. Jina yangu nilikuwa naandika, kama muntu ananingoja bila haraka.

Ku kampani, pa mulango ya biro, kulikuwa kapitao, muzee mumoja mwenye kofia nyeupe ya kufuma, muntu ya Maniema, Muislamu. Baba yake alikuwa fundi ya kushona, na yeye mwenyewe alikuwa fundi ya kuchokoza bantu. Yeye njo alikuwa anaandika bantu mbele baingie kwa direkta.

"Unatafuta nini, mutoto yangu?"

"Kazi ya komisi, baba."

"Tunasikia. Umesoma miaka ngapi?"

Nikafungua kinywa kusema mbili. Ikatoka tano. Mpaka leo sijui ilipitia wapi.

Akaniangalia toka ku kichwa mpaka ku biatu. Biatu ilikuwa ya yaya, na yaya alikuwa na miguu midogo sawa ya bibi arusi. "Tano," alisema, akiandika. "Wallahi, unatembea sawa muntu aliyesoma kumi." Bantu baliokaa ku banki ya kungojea bakacheka bote.

Direkta alikuwa muzungu munene, si mubaya, wa kutoka jasho. Kiswahili yake ilikuwa ile ya bazungu. Aliniuliza neno moja tu: "Wewe iko na muke?"

"Bado, bwana. Lakini iko karibu."

"Karibu haina kulala mu nyumba. Hapa komisi lazima na muke. Muntu bila muke inakunywa pombe, kisha inakimbia. Leta muke, kisha rudi."

Unaona ile mambo? Baba-mukwe anasema: leta nyumba, nitakupa bibi. Muzungu anasema: leta bibi, nitakupa nyumba. Nilirudi kwa baba-mukwe kumuelezea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hivi ule muzungu anataka nitangulize mutoto yangu, kisha yeye ataangalia kama anapenda?" Nikasema, "Hapana, baba, si vile." Akasema, "Ni vile." Nikarudi kwa direkta. Direkta akasema lete karatasi ya padri. Nikaenda kwa padri. Padri akasema ataandika kama arusi inakuja, lakini kwanza aone baba ya mutoto. Nikarudi kwa baba ya mutoto. Alikuwa amesafiri na treni.

Ile ilikuwa miezi mbili. Kutoka Kamalondo mpaka ku kampani na kurudi, na biatu ya yaya. Nikifika mbali kidogo na macho ya bantu nilikuwa naitosha, naibeba mu mukono, kisha naivaa tena mbele ya mulango. Kapitao alishajua. Alikuwa ananingoja na kitambaa: "Pangusa miguu, Bwana Arusi. Muzungu hapendi vumbi." Njo jina alinipa, Bwana Arusi. Kila muntu ku banki alikuwa ananiitia vile. Balikuwa bananipatia nafasi ya kukaa, sawa mugonjwa.

Halafu kwa munganga ya kampani. Tulisimama mulolongo, uchi, banaume kumi na kitu, kila mumoja anaangalia ukuta. Munganga alinipiga ku mugongo na bidole, akanipima uzito, akauliza kwa nini miguu yangu iko na bidonda. Nilisema ni njia. Sikusema ni yaya.

Na ile mukanda ya muzungu yangu ya zamani. Nilikuwa ninaipenda sana. Ilikuwa ya Kifaransa, na mimi Kifaransa ninasikia kidogo, kusoma hapana. Mwaka muzima nilitembea nayo mu mufuko, nikionyesha bantu, na balioisoma balikuwa banacheka, na mimi nacheka nabo, nikifikiri ni furaha ya kuona muntu muzuri. Siku moja kapitao akaishika, akaisoma polepole, kisha akanigeuzia mu Kiswahili bila kunyanyua macho: "Muntu huyu anapiga pasi muzuri sana. Haibi. Anadanganya kidogo, lakini bila ubaya."

Nikanyoosha mukono aniirudishie.

"Na direkta ameisoma?" aliuliza.

"Mara tatu."

"Na bado anakuita? Basi uko na nyota, Bwana Arusi. Ifunge mu nguo isianguke."

Kweli nyota ilikuwa karibu kuanguka upande yangu. Baba-mukwe alirudi, padri akamuona, karatasi ikaandikwa. Direkta akaipiga chapa, akasema sasa inabaki mambo mbili, na ya siku moja: mimi nitapimwa kuandika, na muchumba yangu ataonana na madamu ya kampani, ule mwanamuke muzungu aliyechunga mambo ya bibi ya bafanyakazi mu kambi. Kama bote babili tunapita, siku ileile napewa ufunguo.

Nikakimbia kwa baba-mukwe. Alikuwa anapangusa taa yake ya reli. Alifikiri kidogo.

"Mutoto yangu haendi mbele ya bazungu peke yake. Ataenda na mama yake."

"Ndiyo, baba! Muzuri sana, baba! Aksanti, baba!"

Nilirudi nyumbani ninaimba. Shemeki, bibi ya yaya, alikuwa anakoroga bukari, ugali ya jioni. Nikamuambia maneno yote, na akaacha kukoroga. Aliniangalia sawa muntu anaangalia mbuzi imeingia mu kanisa.

"Shemeki," alisema, "wewe na mama-mukwe yako mutakaa ku kiti gani?"

Niliangukia ku kigoda.

Inafaa nieleze, sababu batoto ya leo banasalimia mama-mukwe na mukono, tena bananunua naye nyama mu soko. Kwetu haikuwa vile. Muntu akishatoa bitu ya uchumba, haonani tena na mama ya mutoto. Anangoja mpaka nyuma ya arusi, siku bapike chakula kubwa ya kumuingiza mu nyumba, bamuite mbele ya bantu. Mbele ya ile siku, akimuona mu njia anaingia mu majani. Hawezi kukaa naye mu nyumba moja, hawezi kumuangalia ku uso. Si uadui. Ni heshima, na ile heshima iko na moto. Muntu akiivunja, banamuhesabia sawa amemuvua nguo.

Mu kijiji ni rahisi, majani iko mingi. Mu muji ni kazi. Mama-mukwe yangu alikuwa anauzisha mikate pembeni ya soko, na mimi nilikuwa nazunguka mbali, pembe tatu, juu ya kununua chumvi. Miezi tano ya uchumba, yeye nilimujua ku mugongo na ku kandambili tu. Siku moja alitokea gafula, nikajificha nyuma ya kamyo, lori kubwa imesimama. Kamyo ikaenda. Nikabaki katikati ya barabara, nimeinama, sijajificha nyuma ya kitu.

Na ule muntu mwenye akili hivi njo alisema "Muzuri sana, baba."

Shemeki alipanga yote. Yeye njo alikuwa na kichwa mu ile nyumba. Banamuke bataenda saa mbili ya asubui, kwa madamu, mu nyumba ingine ya upande. Mimi nitaenda saa ine, kwa direkta. Nilimuambia kapitao, na hakucheka, ile mara moja. Alisema, "Hata sisi tuko bantu. Nitachunga mulango."

Siku ikafika. Shati nilikuwa nimepiga pasi mara mbili. Tai ilikuwa ya yaya. Lakini shati ilikuwa imelala mu sanduku moja na samaki ya Pweto iliyobaki, na kila nilipotoka jasho, samaki ilikuwa inaamuka. Direkta alifungua dirisha. Nilimushukuru. Ilikuwa dirisha ya chini chini, na nje yake bustani ya maua.

Alinipa karatasi, kalamu ya wino, kiti. "Andika ile mimi nasema."

Nikaanza na jina yangu, sababu ile nilikuwa ninajua. Ikachukua wakati. Niliposhusha kalamu, doa ya wino ikaanguka, kubwa sawa kifungo ya koti. Yeye alikuwa ameshaanza, kwa Kifaransa: simenti, mifuko makumi ine. Ile neno kwa masikio ninaijua kabisa. Nikaandika S. Ilikuwa S muzuri, ninakubali mpaka leo, na tumbo na shingo. Kisha nikangojea herufi ya pili ikuje mu kichwa. Haikukuja. Direkta alikuwa ameshafika ku misumari. Mimi nilikuwa bado ku simenti. Akafika ku kamba, akafika ku beleshi, akazunguka ku dirisha, mikono nyuma, bila kuniangalia, akisema tu, akisema tu, sawa padri ku litania.

Niseme ile nilifanya? Nilianza kuandika sawa baba yangu anashona nyavu. Kupanda, kushuka, fundo. Kupanda, kushuka, fundo. Mustari ikajaa, nikashika ingine. Kwa mbali ilikuwa na sura ya maandiko. Mukono ilikuwa inaenda haraka, muzuri. Niliomba Mungu. Sikuomba akili, nilijua wakati ya ile imepita. Niliomba ile nyumba ishike moto kidogo, bila kuua muntu.

Njo mulango ikafunguka.

Aliingia madamu, anacheka na uso yote. Hakuna aliyemuelezea kitu. Alikuwa amemupenda mutoto, amebakalisha mpaka ile saa, njo ilikuwa shida: alipenda kuona bwana na bibi bakae pamoja ku kiti, mbele ya direkta, na muzazi pembeni, jamaa muzima, sawa ku picha. Nyuma yake muchumba yangu, kichwa chini. Nyuma ya muchumba yangu, mama-mukwe, na kitenge ya kanisa. Nyuma ya bote kapitao, mikono mbili ku kofia yake nyeupe.

"Yoo, mamaa!" mama-mukwe alipiga kelele. Akarusha kitenge ku kichwa, akageuka ku ukuta, lakini pa ukuta kulikuwa madamu. Akamushika madamu. Madamu naye akapiga kelele, sababu alishikwa na muntu hana uso.

Mimi nilishasimama. Mulango ilikuwa imejaa. Nikaona dirisha.

Bantu mingi baliongea juu ya ile dirisha, na mimi nilibaacha baongee. Lakini sasa nimezeeka, na niko naandika mwenyewe, herufi moja moja, kwa hivi niseme. Kweli nilikimbia juu ya mama-mukwe. Uso yake nilikuwa karibu kuiona, na damu yangu yote ilikataa. Lakini mu ile kuruka kulikuwa pia furaha. Mungu alikuwa amenisikia bila moto. Mukiniuliza miguu yangu ilikimbia nini zaidi, mama-mukwe ao ile karatasi, nitaomba munipe siku mbili nifikiri.

Nikaruka. Tai ya yaya ikashika ku chuma ya dirisha, ikanibana, kisha Mungu akanihurumia tena, fundo ikafunguka. Nilianguka mu maua, na mutunza bustani asubui ile alikuwa ameiwekea mavi ya ngombe. Kiatu moja ikabaki mule. Nilikimbia na ingine mpaka inje ya lango, kalamu ya kampani mu mukono, na nikasimama nyuma ya muti, safari hii kitu ya kweli, isiyoondoka.

Kapitao alinifuata polepole, amebeba kiatu kwa kamba yake na tai ku bega.

"Bwana Arusi."

"Baba."

"Nilimuelezea direkta. Desturi, heshima, yote. Amecheka mpaka machozi. Alijipiga ku magoti. Aliniambia: nenda umurudishe, muntu anaruka dirisha juu ya mama-mukwe, ule hataiba misumari yangu."

Moyo yangu ikapanda sawa maziwa ku moto. "Kisha?"

"Kisha akashika karatasi yako."

"Alisema nini?"

"Aliacha kucheka." Kapitao akanipa kiatu. "Aliigeuza hivi. Akaigeuza vile. Kisha akaniita, akaniuliza kama ni Kiarabu, sababu anajua mimi nilisoma Kurani. Nikaangalia muzuri, mutoto yangu, sikutaka kukuharibia. Wallahi, si Kiarabu."

Nikamurudishia kalamu.

Kazi ilikuwa imekufa, na nyumba nayo. Nilingoja siku tatu bakuje na bitu yangu. Mama-mukwe alikuwa amerudi kwake akilia mu njia, bantu balimuona. Shemeki alisema blangeti atairudisha ku kitanda yake yeye, sababu baridi iko karibu. Yaya hakusema juu ya biatu hata neno, na ile iliniumiza zaidi.

Siku ya Mungu, nyuma ya misa, bakatuita. Nilienda na yaya. Mama-mukwe alikuwa mu jiko, tunamusikia tu. Baba-mukwe alisimama sawa siku zote, kofia ku kichwa. Nikakaa chini, mikono ku magoti, nikangoja kusikia: shika jembe yako.

Akatosha kofia ku kichwa.

"Bibi yangu alirudi analia," alisema. "Nilifikiri umemutukana. Nilikuwa natafuta fimbo. Kisha alinielezea. Ulikuwa ku meza ya muzungu, kalamu mu mukono. Kazi mu mukono. Nyumba mu mukono. Ukaacha yote, ukavunja miguu, kusudi usimuharibie uso. Amesema mu soko yote. Jana ku stesheni bantu ya kwetu, ya ku kaskazini, balinisalimia na mikono mbili juu yako." Akageuza kofia mu bidole. "Nyumba ya matofali tutaona. Mutoto yangu atalala mu ile kachumba. Tupange siku."

Niko muntu ya kudanganya kidogo bila ubaya, imeandikwa. Lakini ile ilikuwa nzito sana juu yangu. Nilifungua kinywa. "Baba," nilisema, "kweli ile karatasi..."

Yaya alinikanyaga muguu.

"Karatasi gani?" baba-mukwe aliuliza.

"Ya padri," yaya alijibu mbio. "Tutaileta." Na bakaanza kuhesabu majuma, babili yabo, kwa sauti.

Saa ileile muchumba yangu akakuja na maji ya kunawa. Alipiga magoti mbele yangu, na sahani na kitambaa. Yeye alisoma kwa bamasera, basista ya misioni, miaka ine ya kweli. Akamimina maji ku mikono yangu, macho chini, na akasema polepole, bila kufungua kinywa sana:

"Nilibaki mule mu biro. Niliiona."

Maji ilikuwa inapita ku bidole yangu, sikuisikia.

"Yote?"

"Yote. Nimenyamaza siku tatu." Akamimina tena. "Ile S ya kwanza ni muzuri. Sasa na wewe nyamaza, ao unataka bakupe jembe?"

Nikanyamaza. Siku ikapangwa.

Tulioana, tukaingia mu ile kachumba, na kitanda ilijaza yote mpaka mulango ilifunguka nusu. Kazi nilipata nyuma ya juma moja, ku hoteli, kupiga pasi mashuka. Hakuna muntu aliniuliza miaka ya masomo. Balinipa shati, balinipa pasi ya makala, bakaangalia kola, bakasema kesho uanze. Nilipiga pasi ile mashuka ya bazungu mpaka batoto yangu ya kwanza balipoanza masomo, na nyumba ya matofali tuliipata kisha, ya kupanga, na mulango yake na ufunguo yake.

Na nyuma ya arusi, siku balipika ile chakula ya kuniingiza, mama-mukwe aliniangalia ku uso mara ya kwanza. Alikuwa na uso muzuri, sawa ya bibi yangu lakini yenye kucheka zaidi. Alisimama mbele ya bantu bote akaelezea dirisha. Kutoka pale, kila arusi, kila ubatizo, kila matanga, alikuwa anaielezea. Mwaka ya kwanza dirisha ilikuwa ku kifua ya muntu. Kisha ikapanda. Batoto yangu balipozaliwa ilikuwa ku ngorofa ya kwanza, na mimi nilianguka mu mawe. Bantu balikuwa bananigeukia na heshima, na mimi nainamisha kichwa mu sahani, na bao banasema kati yabo: angalia, hata kujisifu hapendi.

Bibi yangu alikuwa anapitisha sombe, mboga ya majani ya muhogo, amenipa mugongo. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka.